Tusihukumu kwa Tarakimu Moja

Muhula huu napenda kuwaleta mbele ya wasomaji wa gazeti letu watu wawili ambao huenda wengi wetu hatujapata kuwasikia. Mmoja aitwa Pedro Martínez, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika. Wa pili aitwa Jacob deGrom, Mmarekani. Wote wawili walipata sifa kubwa kwa kutupa mpira katika mchezo wa besiboli huko Marekani. Martínez, katika msimu wa mwaka 2000, aliitumikia timu ya Boston Red Sox kwa zamu 217. DeGrom, katika msimu wa mwaka 2018, aliitumikia timu ya New York Mets kwa zamu 217 hizo hizo, bila kuzidi wala kupungua. Martínez alihesabiwa mikimbio 42 ya adui, na deGrom mikimbio 41.

Basi mtu yeyote ajuaye kutoa na kujumlisha atasema kwamba watu hawa walikuwa sawa sawa, na kama iko tofauti, deGrom amemzidi mwenzake kwa mkimbio mmoja. Lakini tukifungua daftari la ushindi twakuta habari nyingine kabisa. Martínez aliandikiwa kushinda mara 18 na kushindwa mara 6. DeGrom aliandikiwa kushinda mara 10 tu na kushindwa mara 9. Kazi ni ile ile, na malipo ni mbali mbali. Kwa nini?

Maoni yangu ni kwamba swali hili halihusu besiboli peke yake. Lahusu kila mtu apewaye tarakimu moja na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo thamani yake, na sisi wanafunzi tumo katika watu hao. Lakini kabla sijafika huko yafaa nieleze mchezo wenyewe, maana si wengi kwetu wauchezao, ingawa umekwisha ingia katika baadhi ya shule za sekondari za Tanzania, na majirani zetu wa Uganda walipeleka timu ya watoto kwenye mashindano ya dunia huko Marekani mwaka 2012.

Timu ni mbili, na kila moja ina watu tisa uwanjani. Mtupaji husimama juu ya kilima kidogo katikati, na kutoka hapo humtupia mpira mpigaji wa upande wa pili aliyeshika gongo. Mpigaji akiupiga mpira vema hukimbia mpaka kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na akirudi salama mahali alipoanzia, timu yake huandikiwa mkimbio mmoja. Walio uwanjani hujitahidi kumtoa kabla hajafika. Wapigaji watatu wakitolewa, upande ule umemaliza zamu yake, na timu hubadilishana. Mchezo mzima una zamu tisa kwa kila upande, na mwenye mikimbio mingi ndiye mshindi.

Wazo la kuandika mambo yote haya kwa tarakimu lina asili ndefu. Aliyefanya kazi kubwa ni Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akahamia Marekani angali mtoto. Alikuwa akiandika habari za kriketi, na alipoipenda besiboli alichukua desturi ya kriketi ya kuweka hesabu za kila mchezaji akaitia katika mchezo ule mpya. Tangu siku hizo Wamarekani hawajaacha kuhesabu.

Sasa tutazame jinsi mtupaji anavyohesabiwa, tukianza na ushindi. Wengi hudhani kwamba mtupaji huandikiwa ushindi kwa sababu ametupa vizuri. Sivyo. Kanuni yasema hivi: mtupaji aliyeanza mchezo lazima atupe zamu tano kamili walau, na anapotoka uwanjani timu yake iwe inaongoza, na iendelee kuongoza mpaka mwisho. Kama timu yake haijafunga kitu, yeye hawezi kuandikiwa ushindi hata kama hakumruhusu adui mkimbio hata mmoja. Na kama wenzake waliompokea kazi wakiuharibu uongozi aliouacha, ushindi wake umepotea, ingawa yeye amekwisha kaa kitako anafuta jasho.

Twaona basi kwamba ushindi wahitaji vitu viwili: mtupaji azuie, na wenzake wafunge. Mtupaji ana mamlaka juu ya kitu cha kwanza tu. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nao walisema kweli. Mwaka 2000 timu ya Boston ilishinda michezo 85 na kupoteza 77. Mwaka 2018 Mets walishinda 77 na kupoteza 85, yaani kinyume chake kabisa. DeGrom alianza michezo 32 mwaka ule, na katika 13 hakuandikiwa ushindi wala kushindwa, kwa kuwa mambo yaliamuliwa yeye akiwa amekwisha toka.

Nitatoa mfano mwingine wa zamani zaidi. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis Cardinals alitupa msimu unaosifiwa hata leo. Hata hivyo, aliandikiwa kushindwa mara tisa. Mojawapo ilikuwa tarehe 17 Septemba mwaka ule, alipowaruhusu wenyeji wa San Francisco mkimbio mmoja tu, akashindwa kwa 1 kwa 0, kwa sababu mtupaji wa upande wa pili, Gaylord Perry, hakuwaruhusu wenzake Gibson pigo safi hata moja. Daftari la ushindi laandika siku ile kuwa Gibson ameshindwa, kama liandikavyo siku ya mtupaji aliyeruhusu mikimbio kumi.

Kwa sababu ya udhaifu huo watu walitafuta kipimo kingine, nacho ni wastani wa mikimbio, uliotiwa katika hesabu rasmi za Ligi ya Taifa ya Marekani mwaka 1912. Kanuni yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuifanya. Chukua mikimbio aliyohesabiwa mtupaji, zidisha kwa 9, kisha gawanya kwa zamu alizotupa. Twazidisha kwa 9 kwa kuwa mchezo mzima una zamu tisa, na jibu hutuambia mtupaji huyu angeruhusu mikimbio mingapi kama angetupa mchezo mzima.

Tumjaribu deGrom. 41 mara 9 ni 369. Gawanya kwa 217, utapata 1.70. Tumjaribu Martínez. 42 mara 9 ni 378. Gawanya kwa 217, utapata 1.74. Hapo ndipo tunapoona kwamba watu hawa wawili walikuwa karibu karibu sana, jambo ambalo 10 na 18 zilituficha.

Lakini methali yasema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata wastani huu umeundwa na mikono ya watu, na ndani yake mna mambo matatu ambayo mwanafunzi mwangalifu lazima ayatazame.

Jambo la kwanza ni lile neno nililolitumia, "aliyohesabiwa". Si kila mkimbio huwekwa juu ya kichwa cha mtupaji. Kama mwenzake uwanjani ameudondosha mpira mwepesi, na kwa kosa hilo adui akapata mkimbio, mtupaji hahesabiwi. Karani rasmi wa mchezo ndiye aamuaye lipi ni kosa na lipi si kosa, naye ni mwanadamu. Mwaka 1968 adui walipata mikimbio 49 Gibson akiwa anatupa, lakini ni 38 tu aliyohesabiwa yeye. Mwaka 2018 walipata 48 kwa deGrom, na 41 ndiyo iliyohesabiwa. Kwa hiyo, ndani ya tarakimu ionekanayo kavu kama mfupa imo hukumu ya mtu.

Jambo la pili ni zamu. Mtupaji akitolewa kazini katikati ya zamu, huandikiwa sehemu ya tatu kwa kila mpigaji aliyekwisha mtoa. Gibson alitupa zamu 304 na theluthi mbili. Vitabu vya Marekani huandika 304.2, na hapo wengi huingia shimoni, kwa kudhani kwamba ni 304 na sehemu mbili za kumi. Njia ya salama ni kuhesabu waliotolewa. 304 mara 3 ni 912, ongeza 2, wapata 914. Kisha 38 mara 9 mara 3 ni 1,026, gawanya kwa 914, jibu ni 1.12. Kwa mtu aliyetupa zamu nyingi kama Gibson, kosa la desimali halionekani. Lakini chukua mtupaji aliyetupa zamu 5 na theluthi mbili akahesabiwa mikimbio 2. Wastani wake wa kweli ni 3.18. Aliyekosea akagawanya kwa 5.2 atapata 3.46, naye amemdhulumu mwenzake bila kujua.

Jambo la tatu ni wingi wa kazi. Mtupaji aliyetupa zamu moja tu mwaka mzima bila kuruhusu kitu ana wastani wa 0.00, na kwa tarakimu hiyo amempita Gibson na Martínez na deGrom. Na aliyeruhusu mkimbio bila kumtoa mpigaji hata mmoja hana wastani kabisa, maana hakuna awezaye kugawanya kwa sifuri. Kwa sababu hiyo wameweka sharti: atakaye kushindania wastani bora wa ligi lazima atupe walau zamu moja kwa kila mchezo wa timu yake. Msimu wa siku hizi una michezo 162, kwa hiyo zamu ni 162. Naona sharti hili ni la haki. Anayejibu swali moja akapata si sawa na anayejibu maswali hamsini akakosa mawili.

Kiko kipimo kingine kinachosaidia, nacho ni kuhesabu wangapi waliofika vituoni. Jumlisha mapigo safi aliyopigwa mtupaji na watu aliowapa kituo cha bure kwa kutupa ovyo, kisha gawanya kwa zamu. DeGrom alipigwa mapigo 152 na kutoa vituo vya bure 46, jumla 198. Gawanya kwa 217, utapata 0.912. Martínez alipigwa mapigo 128 na kutoa vituo 32, jumla 160. Gawanya kwa 217, utapata 0.737. Hapa mizani imegeuka, na Martínez ameongoza kwa mbali. Msomaji asikasirike kwamba vipimo viwili vimetoa majibu mawili. Kila kipimo kiliulizwa swali lake.

Tena kuna suala la nyakati. Nani alikuwa bora, Gibson mwenye 1.12 au Martínez mwenye 1.74? Ukitazama tarakimu peke yake utasema Gibson, na hutaki mjadala. Lakini mwaka 1968 watupaji wote walikuwa na nguvu. Wastani wa ligi nzima ya Gibson ulikuwa karibu 3, na wapigaji walishindwa hata wakubwa wa mchezo wakaingilia kati: mwaka 1969 walikishusha kilima cha mtupaji kutoka inchi 15 hadi inchi 10. Mwaka 2000, katika ligi ya Martínez, wapigaji ndio waliotamba, na wastani wa ligi ulikuwa karibu 4.9. Tukigawanya twaona kwamba Gibson aliruhusu kama 37 kwa kila mia ya mikimbio ambayo mtupaji wa kawaida wa ligi yake angeruhusu, na Martínez kama 35 au 36. Tofauti iliyoonekana kubwa imetoweka, na imeegemea kidogo upande wa pili.

Na liko jambo moja ambalo hakuna kugawanya kunakoweza kulitengeneza, nalo ni watu wasioandikwa. Kwa miaka mingi Wamarekani weusi walifungiwa mlango wa ligi kubwa, mpaka Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers mwaka 1947. Mtupaji mashuhuri Satchel Paige aliingia ligi kubwa mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 42. Kabla ya hapo alitupa katika ligi za watu weusi, na hesabu za ligi hizo hazikutiwa katika daftari kuu. Ni mwaka 2024 tu ndipo hesabu za ligi hizo za miaka ya 1920 hadi 1948, zenye wachezaji zaidi ya 2,300, zilipounganishwa na nyingine. Basi kwa miaka hiyo yote, kila aliyesema "huyu ni wa kwanza katika historia" alikuwa akisema "wa kwanza kati ya wale tulioruhusu wahesabiwe".

Najua wako watakaonipinga. Watasema: mchezo ni kushinda, na mtupaji hodari hutafuta ushindi kwa njia yoyote. Hoja hii haikukosa nguvu zamani. Gibson mwaka 1968 alianza michezo 34, na 28 kati yake aliitupa mwenyewe mpaka mwisho. Mtu wa namna hiyo ana sehemu kubwa katika ushindi wa timu yake. Lakini hata yeye hakuweza kuwafungia wenzake ile siku ya San Francisco. Ushindi ni wa timu, na timu ipewe. Kumvika mtu mmoja ushindi wa watu wote ni kuwanyang'anya wengine, na kumtwika mtu mmoja kushindwa kwa wote ni kumwonea.

Nafurahi kusema kwamba waandishi wa besiboli waliopiga kura mwaka 2018 waliliona jambo hili. Tuzo ya mtupaji bora yaitwa kwa jina la Cy Young, ambaye ndiye mwenye ushindi mwingi kuliko wote, 511 katika maisha yake ya mchezo. Hata hivyo, kati ya wapiga kura 30 wa ligi ile, 29 walimweka deGrom nafasi ya kwanza, na ushindi wake 10. Max Scherzer alikuwa na ushindi 18, lakini wastani wake ulikuwa 2.53. Wapiga kura waliuliza kila mtu alifanya nini kwa mkono wake mwenyewe, nami naona walihukumu kwa haki.

Sasa narudi nyumbani. Mwisho wa muhula kila mmoja wetu hupewa ripoti. Mzazi aipokeapo, jicho lake la kwanza hutafuta nafasi: wa ngapi? Akiona wa tatu hucheka, akiona wa ishirini na tano hununa, na ripoti hukunjwa hapo hapo. Wazazi wetu wapendwa, siwalaumu, maana sisi wenyewe hufanya vivyo hivyo uani. Lakini nafasi ni kama ushindi wa mtupaji. Nusu yake hutegemea mtoto wako, na nusu hutegemea nani wengine waliokuwamo darasani. Wa ishirini na tano katika mkondo wenye vichwa vikali aweza kujua zaidi kuliko wa tatu wa mkondo mwingine. Tena alama nazo peke yake hazitoshi, kama 1.12 isivyotosha mpaka ujue mwaka. Alama 48 katika mtihani ambao wastani wa darasa ulikuwa 31 ni kazi njema. Alama 60 katika mtihani ambao wastani ulikuwa 72 ni onyo.

Kwa hiyo, naleta maombi mawili. Kwa walimu wetu waheshimiwa: naomba ripoti ionyeshe, kando ya alama za kila somo, wastani wa darasa na idadi ya waliofanya mtihani. Ni safu mbili tu za karatasi, na zitamwambia mzazi mengi kuliko nafasi. Kwa wanafunzi wenzangu: tusiogope hesabu, bali tuziulize. Tukionyeshwa tarakimu, tuulize imegawanywa kwa kitu gani, ni nani aliyeamua kipi kihesabiwe, na ni nani aliyeachwa nje. Asiyejua kugawanya hawezi kuuliza maswali hayo, na atabaki kuamini lolote asomewalo.

Na yule mwenzetu ambaye muhula uliopita alikunja ripoti yake akaificha kwa sababu ya nafasi, namwomba aifungue tena aisome alama kwa alama. Huenda akakuta kwamba alifanya kazi kubwa katika mwaka mgumu.